Tairi Mbili za Posa

Nakumbuka Jumatatu moja ya baridi, hapa hapa Guangzhou, siku chache kabla ya mwaka mpya wa Wachina, nilipomwona kaka yangu Hamadi, ambaye ndiye baba yako, akimpa kisogo muuza tairi na kuondoka kwa maringo huku akinikonyeza. Alikuwa anangoja aitwe arudi. Mpaka leo hajaitwa.

Mwanangu Idrisa, sikulikumbuka hili kwa kupenda. Umenikumbusha wewe. Simu yangu imejaa picha za tairi. Nikiamka, tairi. Nikitoa salamu ya mwisho kwenye mswala, tairi. Nipo soko la Zhanxi napatana bei ya makubazi, simu inalia, moyo unapiga nikidhani mzigo umekwama bandarini, kumbe tairi. "Shangazi, za theluji au za misimu yote?" Nikikujibu, kesho unaniletea maneno ya kijana fulani wa mtandaoni ambaye hata leseni sidhani kama anayo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nilinyamaza nikasema acha mtoto achague.

Lakini jana ukanitumia sauti yako, tena unacheka, unasema umepata ufumbuzi. Gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo utanunua tairi za theluji mbili tu, uzitie nyuma, na mbele uache zile pana zinazong'aa ili gari lisipoteze sura. Kisha umpakie mama yako umpeleke Shaanxi, kaskazini, kwa baba yake, babu yako. Nilikaa chini juu ya maboksi ya viatu nikashika kichwa. Mwenye duka alidhani bei yake imenishtua, akapunguza mwenyewe. Maji hufuata mkondo, mwanangu, na mkondo wako naujua unakotoka.

Baba yako amekusimulia safari ya posa, najua. Amekuambia kwamba alipanda milima ya theluji na gari lake jekundu mpaka mlangoni kwa mkwe. Hakusema uongo. Lakini amekusimulia nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye faida kwako. Kaa kitako uisikie.

Wakati ule mama yako alikuwa mkalimani wa wanunuzi katika masoko ya vitambaa yaliyo karibu na Kangle. Binti wa Kichina, Mwislamu, mpole, kwao ni mlimani huko kaskazini, baba yake anauza tambi za nyama ya kondoo. Hamadi alikuwa amekwisha kununua vitenge asivyovihitaji ilimradi apate kutafsiriwa. Walipokubaliana, babu yako akatoa neno moja kwa njia ya simu: waje watu wa Hamadi siku ya Ijumaa, baada ya sala, atakaa nao pamoja na wazee wa msikiti. Ni wiki ambayo watoto wote wanarudi makwao na ukoo unakuwa kamili. Mwenye nia atafika. Asiyefika, jina lake lisitajwe tena nyumbani kwake, maana wajomba zako walikuwa na mchumba wao mkononi, mwalimu wa kijiji cha pili.

Umeielewa hali ilivyokuwa? Ijumaa moja. Haikuwa na mbadala.

Mshenga tulimchukua Papa Ilunga, mfanyabiashara wa Lubumbashi, mtu mzima mwenye suti ya kahawia na tai hata siku ya kupakia kontena. Wenzetu wa Zanzibar walinung'unika, ati mshenga Mkatoliki anakwenda kuposa kwa Waislamu. Nikawauliza ni nani kati yao anakijua Kichina cha kuombea mke, siyo Kichina cha kuombea punguzo. Wakatazama viatu vyao. Basi tukaenda na Papa Ilunga, na mimi nikaongozana nao kwa sababu posa bila shangazi au dada haina mwenye kuitolea habari.

Jambo la kwanza Papa Ilunga aliuliza tunakwenda na nini. Hamadi akamwonyesha gari. Lilikuwa gari la Kijerumani, la mkono wa pili, lenye injini ya kukufanya uombe dua, na tairi pana zenye mbavu nyembamba, zimelala chini kama mkate uliokosa hamira. Papa Ilunga akalizunguka, akagonga tairi kwa kiatu, akasema, "Motokari ni muzuri. Lakini hii tairi ni ya joto. Ku Ubelgiji nilisoma miaka, nilikutana na theluji. Hii tairi ikisikia baridi inakuwa sawa na libwe. Tupande treni, fils." Libwe kwao ni jiwe, na fils ni mwanangu.

Hamadi hakutaka treni. Alitaka babu yako alione gari. Papa Ilunga akashusha pumzi, akasema basi, kama ni gari, nunua tairi za theluji, zote nne. Ukizikosa, chukua za misimu yote, nazo zote nne, na minyororo ya kuvalisha tairi uiweke kwenye buti, na uendeshe kama umebeba mayai. "Zote ine," akarudia. "Ao tubakie ku nyumba."

Baba yako akacheka. Za misimu yote alizidharau, akasema mshika mawili moja humponyoka, tairi gani ya kiangazi na ya baridi pamoja. Nami ninavyokusikia wewe unavyozisema leo, nahisi anazungumza yeye. Hebu nikueleze kwa lugha yangu, mimi ni mtu wa viatu. Chukua kandambili uitie kwenye friza, kisha uivae utembee kwenye sakafu yenye maji. Ndivyo inavyokuwa tairi ya joto kwenye baridi kali, mpira wake unakakamaa haushiki kitu. Tairi ya theluji mpira wake ni laini na una mikato mingi midogo ya kung'ata, lakini irudishe kwenye joto la Guangzhou uone inavyoyeyuka, kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Ya misimu yote imekaa katikati. Haitakushindia mashindano yoyote, ila kwa mtu anayeishi mji kama huu na kukutana na baridi mara moja moja, ndiyo kiatu chake cha kila siku. Hakuna ushabiki hapo. Ni suala la unaishi wapi na unakwenda wapi.

Sasa, mji huu nani aweke tairi za theluji dukani? Watu wa hapa wakipigwa na manyunyu tu wanavaa makoti mpaka masikioni. Tulizunguka mpaka tukampata muuza tairi mmoja aliyekuwa nazo nne za kipimo chetu, ziliagizwa na mtu wa kaskazini ambaye hakuzifuata. Nne barabara. Mimi nikasema alhamdulillahi, lipa twende.

Baba yako akaanza Zhanxi yake. Unazijua tabia zetu. Bei ya kwanza hatulipi hata kama ni ya dawa ya mgonjwa. Akashika tairi kwa vidole viwili kama ananusa samaki aliyelala, akasema, "Laoban, tai gui le," bosi, ghali mno, akataja bei yake ya kuaibisha, na mwenye duka alipotikisa kichwa, akampa kisogo. Kule Zhanxi ukigeuka hivyo, hufiki mlango wa tatu kabla hujasikia "pengyou, pengyou", rafiki rudi, na bei inaporomoka. Ndio maana alinikonyeza.

Hakuna aliyetuita. Tulifika mwisho wa barabara. Nikamwambia, "Hamadi, rudi ukalipe." Akanijibu, "Subiri, Dada Zuhura, ukirudi mapema umeshindwa. Tukanywe chai kwanza." Tukaenda kunywa chai. Mimi sikuionja ladha yake. Papa Ilunga aliiacha ikapoa.

Kosa lile, mwanangu, asingeweza kulifanya mtu mwingine yeyote ila mfanyabiashara wetu sisi. Mgeni mjinga angelipa bei ya kwanza akaondoka na tairi zake. Baba yako alikuwa mjuzi wa soko, na ujuzi wake ulimfaa siku zote za mwaka isipokuwa siku zile. Muuza tairi yule alikuwa anafunga duka aende kwa mama yake. Mkoba wake wa safari ulikuwa umesimama mlangoni, mimi niliuona kwa macho yangu. Mtu mwenye tiketi ya treni mfukoni hakimbilii mteja.

Tuliporudi, shata ya mlango wa duka ilikuwa imeshuka nusu, na tairi zilikuwa mbili. Mbili nyingine amekwisha kuzichukua mteja aliyelipa bila maneno. Hamadi akaomba za misimu yote. "Mei you," akasema yule bwana, hakuna, na hakutazama hata stoo. Madukani kwa jirani, shata zote chini. Tukakimbilia tiketi za treni, nazo zimekwisha, ungedhani China nzima inahama. Mchagua nazi hupata koroma.

Papa Ilunga akasema tumpigie simu mzee, tumweleze ukweli, tuombe siku nyingine. Nami nikasema hivyo hivyo. Babu yako ni mtu, angesikia. Lakini baba yako alikuwa ameshanunua zile mbili na ameshapata hoja yake, na hoja yenyewe, Idrisa, ni hiyo hiyo uliyonitumia jana kwa sauti ya kucheka. "Nguvu ya gari iko nyuma. Nyuma ikishika, gari linakwenda." Papa Ilunga akamwambia, "Kwenda litaenda. Minauliza kukata kona."

Tuliondoka Jumanne. Njia kuu ilikuwa kavu na gari likapaa, baba yako akawa anapiga mluzi. Kila tulipopumzika alikuwa anagusa zile tairi za nyuma na kututazama, kama mtu aliyeshinda kesi. Siku ya tatu tukaanza kuona weupe kwenye vilele, kisha kando ya barabara, kisha barabarani penyewe. Nyuma kulishika, sikatai. Tulipanda vilima ambavyo magari ya watu yalikuwa yamebaki pembeni, na Hamadi akaongeza mwendo kwa sababu kila kilima kilimpa kichwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na tasbihi. Papa Ilunga alikuwa mbele, kulia kwa dereva, amekumbatia mfuko wa zawadi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amelegeza tai.

Ijumaa mchana tukaingia kijijini kwa kina mama yako. Tumewahi, salama, wazee ndio kwanza wanatoka msikitini na kofia zao nyeupe. Barabara inashuka taratibu mbele ya msikiti, halafu inakata kushoto, na pale kwenye kona ndipo ulipo ua wa babu yako. Ukuta ulikuwa umepigwa chokaa mpya kwa ajili yetu. Mlangoni alisimama mama yako, kajifunga mtandio mwekundu.

Hamadi akakata usukani kushoto. Gari likaenda mbele. Akakata zaidi, mpaka usukani ukagota. Gari likaendelea mbele, wala si kwa kasi, polepole kabisa, lile gari lenye nguvu ya farasi sijui wangapi linateleza mbele ya wazee wote, magurudumu ya mbele yametazama kushoto na sisi tunakwenda kwingine. Chombo cha kuzama hakina usukani. Tukaingia ukutani. Ukuta ukaanguka kipande juu ya boneti, na Papa Ilunga akagonga kipaji cha uso kwenye kioo.

Niliona damu inashuka kwenye shati lake jeupe. Niliogopa, mwanangu. Kwa muda nilidhani tumeua mshenga wa watu. Kisha akatoa leso, akaibana kwenye jeraha, akakaza tai yake, akafungua mlango, akashuka, akawasalimia wazee kwa Kichina kilichonyooka na kuwaomba radhi kwa ajili ya ukuta.

Babu yako alikuja bila haraka. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akalizunguka gari. Akainama akagusa tairi ya nyuma, akapitisha kidole kwenye ile mikato. Akaenda mbele akagusa nyingine, ngumu, laini juu kama sahani. Akasimama akamtazama Papa Ilunga na leso yake, akatazama kiti alichotoka, kisha akamtazama binti yake pale mlangoni. Akasema maneno machache. Mama yako akainamisha uso.

"Anasema nini, Papa?" Hamadi akauliza.

Mshenga wa maana hapunguzi neno wala haongezi, hata neno likiwa linamkata mwenyewe aliyemtuma. Papa Ilunga akatafsiri huku damu inampita kwenye nyusi. "Anasema umenunua zenye kukusukuma, hukununua zenye kukugeuza. Sasa anauliza: mutoto yake atakaa kiti gani?"

Baba yako alikuwa na jibu la kila mwenye duka wa mji huu, lakini swali lile halikuwa na bei ya kati kwa kati. Lila na fila havitangamani, na huwezi kuichumbia nyumba ya watu kwa nusu ya usalama ukasema nusu nyingine utaona huko mbele.

Tulipewa tambi za moto, na mke wa mzee alimfunga Papa Ilunga kidonda kwa mikono yake. Posa haikusikilizwa. Babu yako alisema gari libaki pale pale, sisi turudi kwa treni, na Hamadi akitaka arudi theluji ikiisha, kwanza aje ajenge ukuta, kisha ndipo wataongea. Baba yako alilia kule kwenye behewa, na asikudanganye kwamba ilikuwa mafua. Kipindi chote kile hakujua kama yule mwalimu wa kijiji cha pili amekwisha kuposa.

Majira ya kuchipua akarudi kwa treni, akachanganya udongo na saruji mwenyewe, akaziba. Unaijua picha ya harusi ya wazazi wako iliyopo sebuleni. Nyuma yao kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna kiraka kikubwa ambacho rangi yake haikuwahi kufanana na kwingine. Ulipokuwa mdogo ulimuuliza baba yako, akakuambia ni pambo la kwao. Pambo! Lile ni la tairi mbili.

Basi nisikilize, maana sitarudia, na simu yangu nataka ipumzike. Tairi usiulize kwanza ipi ni bora, uliza utalala wapi na utapita wapi. Ukikaa hapa Guangzhou na safari yako ni ya mara moja, tena njia imesafishwa, tia za misimu yote zinazobeba uzito na mwendo wa gari lako, uwe na minyororo kwenye buti, na uende taratibu. Ukitaka kukaa kwa babu yako wiki nzima za theluji, kupanda na kushuka kile kilima kila siku, tia za theluji, na ukirudi kwenye joto uzitoe siku hiyo hiyo. Kama gari linakubali rimu ndogo na tairi nyembamba kidogo, kubali, theluji haitazami sura. Na vyovyote utakavyochagua, ziwe nne za aina moja. Gari lenye nguvu ndilo linalohitaji zaidi kusimama na kugeuka, kwa sababu kwenda halina shida, kwenda hata jiwe linakwenda ukilisukuma. Na hii wiki usimpe muuza tairi kisogo. Mkoba wake uko mlangoni. Ukizikosa kabisa, panda treni, babu yako hakuwahi kumdharau mtu aliyekuja kwa treni.

Papa Ilunga amerudi kwao Lubumbashi, amezeeka, ana alama juu ya nyusi. Kila Iddi ananipigia kunipa mkono wa heri, na kabla hajakata huuliza, "Hamadi ana tairi ngapi?" Nitafurahi mwaka huu nikimjibu habari yako ikiwa njema.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, aifanye kavu pale unapoihitaji kavu na akupe akili pale itakapokuwa na barafu. Akupe mkono mwepesi kwenye usukani na mguu mzito wa kukanyaga mafuta. Akufikishe kwa babu yako umkute anacheka, na ule ukuta uukute mzima.

Mama yako amenipigia asubuhi hii. Amefurahi hajapata kufurahi hivi, amekwisha kununua zawadi. Nikamuuliza atakaa wapi garini, maana mabegi ni mengi. Akaniambia, "Mbele, Wifi. Nikae mbele karibu na mwanangu."